Chombo Kilichorudi Kutoka Mwezini na Watu Wasiorudi Kutoka Mashambani

 

Katika kurasa hizi tumezoea kujiuliza maswali juu ya sala, sadaka, ndoa na malezi ya watoto. Safari hii nataka tujiulize swali ambalo, ukilisikia mara ya kwanza, linaonekana kuwa mbali sana na sisi watu wa Butembo na Beni. Je, Mkristo anafanya vema kustaajabia kazi kubwa za mikono ya watu, huku jirani yake anauawa? Na kama anaruhusiwa kustaajabu, basi astaajabie nini?

Sababu ya kuuliza ni hii. Ndugu yetu mmoja aliyehamia Marekani alituma picha kwa simu. Amesimama ndani ya nyumba ya makumbusho ya anga katika mji wa Washington, mbele ya chombo kinachoitwa Columbia, ambacho mwaka 1969 kilibeba watu watatu hadi Mwezini na kuwarudisha duniani. Picha ile ilipita mkono kwa mkono baada ya ibada, na maneno yakawa mengi. Mzee mmoja alisema hiyo ni Babeli ya pili. Kijana mmoja alisema ni uongo mtupu, hakuna mtu aliyefika kule. Lakini mama mmoja, aliyekimbia kutoka upande wa Eringeti baada ya mwanawe kutorudi kutoka shambani, aliitazama muda mrefu, kisha akauliza: «Hao waliojua kumrudisha mtu kutoka Mwezini, mbona hakuna anayejua kumrudisha mtoto wangu kutoka shamba la kakao?»

Watu walinyamaza. Nimeona vema tulichukue swali hilo kwa uzito wake, kwa maana si la mama mmoja tu. Ni la nyumba nyingi kutoka Oicha hadi Lubero.

1. KWANZA TUKIJUE CHOMBO CHENYEWE

Roketi iliyowapeleka watu wale iliitwa Saturn V. Urefu wake ulikuwa karibu mita 110, kupita mbali jengo lolote la hapa Butembo, na uzito wake karibu tani 3,000. Iliondoka Florida tarehe 16 Julai 1969, ikiwa na Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins. Tarehe 20 Julai wawili wa kwanza walishuka juu ya Mwezi kwa chombo kidogo kilichoitwa Eagle. Collins alibaki peke yake ndani ya Columbia, akiuzunguka Mwezi na kuwangoja wenzake. Tarehe 24 Julai wote watatu walitua katika bahari ya Pasifiki. Mwezi wa Oktoba mwaka ule, katika safari yao ya kuitembelea dunia, walifika hata Kinshasa.

Sasa angalieni jambo hili. Katika mlima ule wote wa chuma, karibu kila kitu kilitupwa njiani. Sehemu moja ilianguka baharini, nyingine ikaachwa angani, na Eagle ikabaki kule kule. Kilichorudi ni chumba kimoja tu chenye umbo la kofia ya msonge, kimo chake mita tatu na kidogo, upana wake chini karibu mita nne. Ndani yake watu watatu walibanana kama abiria wa teksi ya Butembo na Beni. Ndicho kinachoonyeshwa leo Washington.

Tena hakipendezi macho kama motokari mpya. Kimeungua. Kilipoingia katika hewa ya dunia kilikuwa na kasi ya kilometa 11 hivi kwa kila sekunde, na joto la nje lilipita digrii 2,500. Kilivikwa ngao iliyotengenezwa kwa shabaha ya kuungua kidogo kidogo: inachukua joto na kuondoka nalo, ili walio ndani wasiungue. Alama za moto ule zinaonekana hadi leo.

Mwaka 2016 watu wa makumbusho waliupiga picha ukuta wa ndani kwa mitambo ya kisasa, ili uonekane na wale wasioweza kuingia. Palikuwa na maandishi ya mkono: hesabu za safari, maneno ya kukumbushana, na kalenda ndogo iliyochorwa ukutani, siku zake zikifutwa moja baada ya nyingine kama mfungwa anavyofuta siku zake. Na Collins, wakiwa bado juu ya manowari iliyowaokoa, aliingia tena ndani ya chombo akaandika kwamba ni bora kuliko vyote vilivyotengenezwa katika kundi lake, akamwomba Mungu akibariki.

Kuna jambo lingine ambalo sisi tutalifahamu upesi kuliko watu wengi. Waliporudi hawakukumbatiwa na wake zao. Wakubwa waliogopa kwamba huenda wameleta ugonjwa usiojulikana kutoka Mwezini. Kwa hiyo walifungiwa, na hesabu yao ilikuwa siku 21 tangu walipokuwa katika vumbi la Mwezi. Rais Nixon aliwasalimu kupitia dirisha la kioo. Walitoka tarehe 10 Agosti.

Siku 21! Nani hapa kwetu asiyeijua hesabu hiyo? Tangu ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikufa. Kila aliyemgusa mgonjwa alihesabiwa siku 21. Pale Beni wagonjwa waliwekwa katika vyumba vya plastiki inayopenya mwanga, ili ndugu zao wawaone na kusema nao bila kuwagusa. Kwa hiyo tusiseme kwamba habari za chombo hiki ni za watu wa ulimwengu mwingine. Mtu aliyeweka kiganja chake juu ya plastiki ile, na mgonjwa akaweka chake upande wa pili, anajua maana ya kumngoja mtu aliye karibu nawe lakini hajarudi bado.

2. JE, NI BABELI?

Nimrudie mzee wetu. Neno lake si la kudharauliwa. Lakini tukisoma Mwanzo 11 kwa makini, tunaona kwamba kosa la wajenzi wa Babeli halikuwa urefu wa mnara. Walitaka kujifanyia jina. Kama urefu ungekuwa dhambi, basi hekalu letu la Nkamba, ambalo waamini walilijenga kwa mikono yao, wakibeba mawe na mchanga kichwani hadi likafunguliwa mwaka 1981, lingekuwa dhambi pia. Mungu hapimi kwa mita. Anauliza: umejenga kwa ajili ya jina la nani?

Hapa tuseme kweli, Babeli ilikuwamo. Mrusi Yuri Gagarin alikuwa mtu wa kwanza kwenda angani, tarehe 12 Aprili 1961, na Wamarekani hawakutaka kubaki nyuma. Yalikuwa mashindano ya wakubwa wawili, na bendera ilisimikwa Mwezini ili wote waione. Hatuwezi kuficha hayo.

Lakini na sala ilikuwamo. Tarehe 24 Desemba 1968 watu wa Apollo 8, wa kwanza kuuzunguka Mwezi, walisoma mwanzo wa kitabu cha Mwanzo, na mamilioni ya watu wakawasikia. (Wakimbanguisti hawawezi kuipita tarehe hiyo bila kukumbuka kwamba ni tarehe 24 Desemba, miaka tisa kabla yake, ndipo serikali ya Wabelgiji ilipolikubali kanisa letu kisheria.) Na Buzz Aldrin, aliyekuwa mzee wa kanisa la Kipresbiteri, alibeba mkate na divai kutoka kanisa lake, akashiriki Meza ya Bwana kimya kimya juu ya Mwezi kabla ya kutoka nje ya Eagle. Sisi ambao tangu mwaka 1971 tunashiriki Meza hiyo kwa asali na maji mahali pa divai, tunafahamu kwamba ukubwa wa Meza hauko katika mahali wala katika chombo.

Kwa kijana wetu nasema kwa ufupi. Kati ya mwaka 1969 na 1972 watu 12 walitembea juu ya Mwezi katika safari sita, wakaleta kilo 382 za mawe na vumbi, ambazo wataalamu wa mataifa mengi wamezichunguza. Warusi, waliokuwa wapinzani wao na wenye mitambo ya kuwafuata, hawakusema kwamba ni uongo. Tusikatae jambo kwa sababu tu ni kubwa kuliko sisi.

Na kwa wanaoogopa ibada ya sanamu: Nkamba tunavua viatu kwa sababu mahali pale ni patakatifu. Mbele ya Columbia hakuna anayevua viatu, wala hapaswi. Makumbusho ni nyumba ya kukumbuka. Anayeingia huko aingie kama mwanafunzi.

3. SWALI LA MASKINI

Tuje sasa kwenye swali la yule mama. Yeye si wa kwanza kuwauliza watu wa Mwezini swali gumu. Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla ya roketi kuondoka, mchungaji Ralph Abernathy, aliyeshika uongozi baada ya Martin Luther King kuuawa mwaka 1968, alifika Florida pamoja na jamaa za watu maskini na mikokoteni ya kukokotwa na nyumbu. Alisema wazi kwamba si haki taifa kutumia mali nyingi hivyo huku watoto wanalala njaa. Kazi nzima ya kwenda Mwezini iligharimu karibu bilioni 25 za dola.

Mkubwa wa kazi ile, Thomas Paine, alitoka akasimama mbele yake. Alimjibu kwamba kama kuacha kubonyeza kile kifungo cha roketi kungeondoa umaskini, asingekibonyeza. Kisha akamwomba awaombee wanaanga. Abernathy akakubali, na baadhi ya maskini wale wakapewa nafasi ya kuitazama roketi ikiondoka.

Napenda habari hii kwa sababu hakuna aliyemdharau mwenzake. Mchungaji hakuwalaani wale watatu, maana nao ni watoto wa watu. Lakini hakuacha kuuliza. Huo ni mfano mwema kwetu: kuomba na kuuliza havigombani.

Hata hivyo, swali la mama yetu linakwenda ndani zaidi. Hakuuliza mbona fedha zimetumika kule. Aliuliza juu ya kurudi.

4. KINACHOSTAHILI HESHIMA NI AHADI YA KURUDISHA

Tarehe 25 Mei 1961 rais Kennedy alitoa ahadi mbele ya wabunge wa Marekani: kumfikisha mtu Mwezini, na kumrudisha salama duniani, kabla ya miaka kumi ile kwisha. Sehemu ya pili ya ahadi hiyo ndiyo iliyoifanya kazi kuwa ngumu. Kutupa kitu hadi Mwezini si kazi kubwa sana. Warusi walikwisha kufikisha chombo kisicho na mtu mwaka 1959. Lakini kwa kuwa mtu lazima arudi, inahitajika hewa ya kurudia, maji ya kurudia, mafuta ya kurudia, ngao ya kuungua mahali pake, maparashuti, na manowari inayongoja baharini. Watu karibu 400,000 walifanya kazi hiyo, na sehemu kubwa ya jasho lao ilikuwa kwa ajili ya neno moja: arudi.

Wenzetu wa pwani waliliona jambo hili karibu. Miaka ile ya mwanzo palikuwa na kituo cha kusikiliza vyombo vya anga huko Tunguu, Unguja. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu, peke yake, na vituo vilivyotawanyika duniani, Unguja kikiwa kimoja, vilipokezana kumsikiliza. Katika safari ile alama ya mtambo ilionyesha kwamba huenda ngao yake imelegea. Baadaye ilijulikana kwamba ngao ilikuwa nzima na alama ndiyo iliyodanganya, lakini wakati ule hakuna aliyejua. Fikirini: mtu mmoja yuko hatarini, na masikio ya dunia nzima yamegeuka upande wake.

Waliwahi pia kupoteza watu. Tarehe 27 Januari 1967, wakiwa bado katika mazoezi duniani, Grissom, White na Chaffee walikufa kwa moto ndani ya chombo cha Apollo 1. Mlango ulifunguka kuelekea ndani, na haukuweza kufunguliwa upesi. Je, wenzao walifanya nini? Walilia, walizika. Lakini hawakusema «ni mapenzi ya Mungu» wakarudi nyumbani. Walikivunja kile chombo kipande kwa kipande hadi wakajua sababu, kisha wakatengeneza mlango mwingine unaofunguka kuelekea nje kwa sekunde chache. Mlango wa Columbia ni wa namna hiyo mpya. Na ule wa zamani, uliokataa kufunguka, tangu mwaka 2017 unaonyeshwa kwa watu huko Florida, ili wasisahau.

Mfano wa mwisho ndio ulionisaidia zaidi. Mwezi wa Aprili 1970 Apollo 13 ilipatwa na mlipuko njiani. Watu wake hawakutua Mwezini. Kwa hesabu ya kazi, walishindwa. Lakini siku nne baada ya mlipuko, wote watatu walirudi wakiwa hai. Chombo chao kimewekwa katika makumbusho ya Hutchinson, Kansas, na watu wanakitembelea kwa heshima. Kama sifa ingekuwa ya kufika tu, chombo hicho kingetupwa jalalani.

Basi nasema hivi. Kitu kinachostahili mshangao wa Mkristo mbele ya kile chuma kilichoungua si kwamba watu walikwenda mbali, wala si bendera. Ni kwamba watu watatu walikuwa na majina, walihesabiwa, na walingojwa. Hilo Mungu mwenyewe analifanya tangu zamani. Zaburi 139 inatufundisha kwamba hata mtu akipanda mbinguni au akikaa pande za mwisho za bahari, Mungu yupo naye. Na Bwana Yesu, katika Luka 12, anatuambia kwamba hata nywele zetu zimehesabiwa.

5. NA SISI TUNAHESABUJE?

Hapa ndipo swali linapotuuma. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa, na msiba umesambaa hadi Irumu upande mmoja na Lubero upande mwingine. Mtu anaamka asubuhi, anachukua panga lake na chupa ya maji, anaenda kuvuna kakao au kuchimba mihogo upande wa Mbau au Mamove, na harudi. Jioni redio inasema «watu kadhaa wameuawa». Kesho inasema «miili kumi na kitu imeonekana». Je, hao kadhaa ni akina nani? Hicho kitu kilichozidi juu ya kumi kina jina gani? Wengine wamezikwa katika shimo moja bila jina kuandikwa. Wengine walipelekwa porini, na hakuna anayeuliza tena kama wako hai.

Ndugu zangu, kuuawa ni uovu wa muuaji, naye atajibu mbele za Mungu. Lakini kumwacha aliyeuawa awe «kadhaa» ni uovu ambao sisi tuliobaki tunaweza kuukataa. Mama mwenye nyumba anapogawa bugali na sombe jioni anajua kila mkono uliokosekana kwenye sahani. Kanisa ni nyumba. Litagawaje chakula bila kujua nani hayupo?

Mwingine atasema: «Shemasi, kuhesabu watu ni dhambi. Daudi aliadhibiwa kwa sababu hiyo.» Ni kweli, imeandikwa katika 2 Samweli 24. Lakini tusome vema. Daudi aliwahesabu wenye kushika upanga, ili ajue nguvu zake. Aliwahesabu ili ajivune. Musa naye alihesabu watu kwa amri ya Mungu, ukoo kwa ukoo, jina kwa jina, na ndiyo maana kitabu kile kinaitwa Hesabu. Na mchungaji wa Luka 15, angejuaje kwamba kondoo mmoja amepotea kama hakuwahesabu wote mia? Kuna kuhesabu kwa kusema «tuko wengi», na kuna kuhesabu kwa kuuliza «nani hayupo». La kwanza ni la Babeli. La pili ni la Mchungaji Mwema.

Na sisi, kati ya makanisa yote, tuna sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hili. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwaka ule ule alikamatwa, tarehe 3 Oktoba akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa mbali sana na kwao, Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Maelfu ya waamini nao walihamishwa kwa nguvu. Alikaa kifungoni miaka 30 hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Wakubwa wa wakati ule walitumaini kwamba jina lake litazama. Walimfanya kuwa namba ya gereza. Lakini Mama Marie Muilu na wanawe hawakumfuta. Waamini, huko walikotawanywa, hawakumfuta. Na mwaka 1960 mwili wake uliletwa Nkamba, nyumbani, kwa nyimbo.

Tuwaze kidogo. Alirudi akiwa amekwisha kufa miaka tisa. Mtu asiye na imani atasema: kurudi kwa namna hiyo kuna faida gani? Lakini sisi tunajua. Kumrudisha kulikuwa kuikataa ile hesabu ya wakoloni, iliyosema kwamba mtu huyu si kitu. Ndivyo ilivyokuwa pia mwezi wa Juni 2022, Ubelgiji ilipolirudisha jino moja la Patrice Lumumba, aliyeuawa Januari 1961. Jino moja tu, na nchi yote ilisimama kulipokea.

6. BASI TUFANYE NINI?

Hatuna manowari ya kungoja baharini. Hatuna bilioni 25. Jeshi si letu, na Amri za kanisa letu zinatukataza njia ya kumwaga damu. Tusimdanganye mama yeyote kwamba tunaweza kumrudishia mtoto wake. Lakini yako mambo ambayo hayahitaji dola, na ambayo kila parokia inaweza kuyaanza Jumapili ijayo.

La kwanza, kila shemasi awe na daftari la majina ya nyumba anazozitumikia, pamoja na jamaa zilizokimbia vijiji vyao na kufikia kwetu. Tunahesabu sadaka mbele ya watu wote hadi franka ya mwisho, na ni vizuri, kwa maana ni mali ya Mungu. Mtu ni mali ya Mungu zaidi ya franka. Daftari hilo lisizagae mikononi mwa kila mtu, kwa maana majina yakiwaangukia wabaya yanaweza kudhuru.

La pili, wanaokwenda mashamba ya mbali waende pamoja, na waage. Mmoja anayebaki ajue wamekwenda wangapi, wamepita njia gani, na wanatazamiwa lini. Saa ikipita, asingoje kesho kuuliza. Huyo ndiye Collins wetu: hakukanyaga Mwezi, lakini bila yeye wenzake wasingerudi.

La tatu, mtu akiuawa, liandikwe jina lake lote, kijiji chake, siku na mahali. Karatasi hiyo ifikishwe kwa chefu wa kartie au wa kijiji, na kwa shirika la raia. Si kwa kisasi. Siku moja nchi hii itauliza haki, na mahakama haiwezi kumtetea mtu anayeitwa «kadhaa».

La nne, aliyetekwa asihesabiwe pamoja na wafu mpaka ijulikane hivyo. Jina lake lisomwe katika maombi ya Jumapili. Nyumba yake itembelewe, hata baada ya mwaka, hata baada ya miaka mitano. Wengine wamerudi kutoka porini wakati watu walikwisha kukata tamaa. Wasikute kwamba kanisa limefuta majina yao.

Kwa hiyo, je, Mkristo anaruhusiwa kustaajabia chombo kilichotoka Mwezini? Ndiyo, anaruhusiwa. Lakini mshangao usioongeza chochote katika wajibu wake ni mshangao wa mtoto mbele ya kioo cha duka. Ukimsifu aliyewangoja watu watatu kutoka mbali namna ile, basi na wewe usilale kabla hujajua kama jirani yako amerudi kutoka shambani.

Bwana, Mungu wa Papa Simon Kimbangu, wewe unayejua kila mmoja kwa jina lake, uwalinde wanaotoka na wanaoingia. Uwafariji wanaongoja. Utupe mioyo isiyochoka kuhesabu waliopotea, mpaka siku utakapotukusanya sote nyumbani mwako, na asikosekane hata mmoja. Amina.

Shemasi wa Parokia, Butembo